Mguu wa Nta wa Anselmo Kufuli

Gari la matangazo ya vifo liliingia mtaani saa mbili asubuhi, likitambaa kana kwamba linatafuta namba ya nyumba. Ivonilde alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa ambacho hakukinywa. Maneno ya tangazo aliyaandika mwenyewe, machache: Anselmo Pires Batista, mfyatua matofali, miaka sitini na minane, maziko saa kumi jioni, makaburi ya Mtakatifu Mikaeli. Alimwonya dereva mara mbili: "Mpira usiutaje." Dereva akaitikia, sawa dada, sawa dada.

Spika ya juu ya gari ikapiga wimbo wa Bikira Maria, ikanyamaza, kisha sauti ikasema kwa majonzi ya kununuliwa: "Amefariki Anselmo Pires Batista, mfyatua matofali, na zamani beki wa kati wa klabu yetu ya Oleiros, maarufu kwa jina la Kufuli..."

Gari halijafika hata kwenye kona. Kutoka duka la mikate ukasikika mlio wa funguo zikitikiswa, kundi moja, halafu la pili, zikalia kama njuga. Kisha kicheko.

"Hajapoa," Ivonilde alisema, hakuna aliyekuwa karibu wa kumsikia. "Baba hajapoa, nao wameanza."

Alimwaga kahawa kwenye maua, akaingia ndani kuitafuta suti ya baba yake.

Mji wa São Bento da Barreira unaishi kwa udongo. Kila familia ina mtu aliyekanyaga udongo, aliyefyatua, au aliyelisha tanuri kuni. Anselmo alianza kukanyaga akiwa na miaka tisa, na ndiyo maana nyayo zake zilikuwa pana kama koleo na hakuna daluga zilizomtosha bila kupasuliwa pembeni. Oleiros, klabu ya wafyatua matofali, walimchukua mwaka 1970. Hakuwa na mbio. Hakuwa na maneno. Alikuwa anasimama tu pale ambapo mpira ungefika, kama mtu aliyeambiwa mapema, na straika akifika anamkuta.

Jina la Kufuli alipewa na Bi Jacira. Huyu alikuwa akiuza mahindi mabichi ya kusagwa, yaliyopikwa ndani ya maganda yake, pale chini ya jukwaa la mashabiki, na kiunoni alifunga kamba yenye funguo za stoo, za nyumba, na za makabati ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona. Siku moja Anselmo alipomnyang'anya mpira straika wa watu bila hata kujikunja, Bi Jacira alizichomoa zile funguo akazitikisa juu ya kichwa chake. "Lango limefungwa!" alipiga kelele. "Rudini kwenu, limefungwa!" Jumapili iliyofuata jukwaa zima lilikuja na funguo. Kwa miaka kumi, kila Anselmo alipougusa mpira, mji mzima ulilia chuma.

Mwenyekiti wa Oleiros alikuwa Mzee Gumercindo, mwenye matanuri matatu makubwa. Wachezaji wake walimfanyia kazi siku sita na kumchezea siku ya saba. Kwa hiyo akisema neno, alikuwa amelisema mara mbili.

Aprili 1979 Oleiros walicheza na majirani zao wa Lajeado Velho. Lajeado walikuwa na straika mmoja, Evilásio, mwembamba, mwenye kucheka akiwa na mpira, jambo ambalo watu wa Barreira hawakuweza kulivumilia. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Mzee Gumercindo alimwinamia Anselmo aliyekuwa anafunga kamba za daluga.

"Yule mcheka-cheka sitaki amalize kipindi cha kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee."

"Hujaniuliza kitu na mimi sijakwambia kitu."

"Ndiyo, Mzee."

Dakika ya thelathini na moja, Evilásio alimpita. Anselmo hakuufuata mpira. Alikwenda mguuni, kwa nyuma, kwa uzito wake wote. Wale wafyatua matofali wanaijua sauti ya tofali lililoungua kupita kiasi likidondoka kwenye sakafu. Ilikuwa sauti hiyo. Jukwaa likatikisa funguo kwa furaha mpaka Evilásio akabebwa nje huku akiuma kitambaa. Jioni ile Mzee Gumercindo alichoma nyama kwa timu nzima. Anselmo alikula wali mkavu, akaondoka.

Jumatano yake alipanda basi hadi hospitali ya Lajeado Velho, na mkononi alibeba kopo la peremende ngumu ya mapera, ile ya kukata kwa kisu. Mungu ndiye anayejua kwa nini alidhani kopo la mapera lingefaa. Mkewe Erotildes ndiye aliyemfungia kwenye karatasi.

Evilásio alikuwa chali, mguu umening'inizwa kwa kamba.

"Umekuja kuangalia kama umemaliza kazi?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nani alikutuma univunje?"

Anselmo akaliweka kopo kitandani.

"Unaona? Hata radhi yako ina bosi. Una mtoto wewe?"

"Mmoja. Wa kike. Ana miaka miwili."

"Basi Mungu akuoneshe mtoto wako amelala bila kuinuka. Ukishaona, urudi tuongee." Akalishika lile kopo, akamtupia usoni. Ukingo wa bati ulimpasua Anselmo nyusi ya kushoto, na lile kovu alikwenda nalo kaburini.

Hazikupita siku kumi, mtoto akashikwa na homa. Shingo ikakaza, macho yakageuka. Daktari akamchoma sindano ya uti wa mgongo, akatoa maji yaliyokuwa na rangi ya uji, akawaambia wazazi wasali kama wanajua kusali. Mtoto huyo ndiye Ivonilde.

Erotildes alisali rozari mpaka vidole vikaota sugu. Anselmo hakusali. Alipanda basi la alfajiri kwenda kwa Bikira wa Aparecida, mwendo wa saa tano, akaingia kwenye duka la vitu vya nta. Kwetu mtu akiponywa mkono hupeleka mkono wa nta kwa Bikira, akiponywa moyo hupeleka moyo, akauacha kwenye chumba cha miujiza ukining'inia na maelfu ya wenzake. Wengine hupeleka kabla, kama rehani ya maombi. Yule mama wa dukani aliuliza kama anavyomuuliza kila mtu.

"Mgonjwa anaumwa wapi, kaka?"

"Kichwani."

"Mtoto au mkubwa?"

"Mtoto."

"Basi chukua kichwa hiki, ni kidogo, kizuri."

"Nipe mguu."

"Mguu?"

"Wa kulia. Wa mtu mzima."

Mama yule alimtazama ile nyusi iliyoshonwa, akaona pengine na yeye anaumwa kichwani, akampa mguu. Anselmo akautundika, akapiga magoti mbele yake, akaweka nadhiri: Mama, nipe huyu mtoto, nami sitaugusa tena mguu wa mtu maadamu naishi.

Aliporudi na kusimulia, Erotildes alitaka kumpiga na sahani.

"Mtoto anakufa kwa kichwa, wewe unampelekea Bikira mguu! Hata mbinguni unataka kuwachanganya?"

"Hawatachanganyikiwa. Wanajua ni mguu wa nani."

Mkesha wa Pentekoste mtoto alifumbua macho akaomba wali na maharage. Wasioamini waseme wanavyosema. Waliokuwa pale waliona.

Mwaka mzima uliofuata Anselmo alicheza bila kumgusa mtu, na hakuna aliyegundua, kwa sababu bado alikuwa anasimama pale mpira unapofika. Mzee Gumercindo peke yake ndiye aliyenusa.

"Siku hizi unacheza kama mtawa."

"Mpira si naupata, Mzee?"

"Unaupata. Siku usipoupata?"

Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Desemba 1980, uwanja wa nyumbani, Lajeado Velho tena. Sare ingewatosha Oleiros kupanda daraja la kwanza la jimbo, jambo ambalo Barreira haikuwahi kuliona tangu tofali la kwanza lifyatuliwe. Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja. Dakika ya themanini na tisa straika mmoja chipukizi wa Lajeado alichomoka katikati, na mbele yake kulikuwa na kipa, na pembeni yake Anselmo, na bado hawajaingia kwenye boksi. Kila mtu uwanjani alijua kinachofuata. Ngwara, faulo, kadi nyekundu, beki anatoka anashangiliwa, na mji unapanda daraja.

"Mfyeke!" lilipiga kelele jukwaa. "Mfyeke, Kufuli! Mfyeke!" Funguo zilikuwa zinalia kama mvua ya mawe.

Anselmo alikimbia naye bega kwa bega. Mguu wake wa kulia ulikwenda, watu wote waliuona ukienda. Halafu akaurudisha, kama mtu anayemvuta mbwa kwa mnyororo. Aliunyooshea mpira ule wa kushoto, akaukosa kwa upana wa kidole. Bao.

Ufunguo wa kwanza ulimpiga begani. Wa pili ukampiga mgongoni. Halafu jukwaa zima likarusha, na Anselmo akasimama katikati ya ile mvua ya chuma, hakujikinga. Jioni ile nusu ya mji walivunja milango yao wenyewe ili waingie kulala, na hilo pia walimwekea yeye hesabuni.

Mzee Gumercindo alimkuta anavua daluga.

"Walikupa nini?"

"Nimeshindwa, Mzee."

"Hukushindwa. Niliuona mguu wako. Ulikuwepo, ukaurudisha."

"Basi umeuona."

Kesho yake hakuwa na timu wala tanuri. Alicheza miaka minane mingine kwenye vilabu vya vijijini, viwanja vya vumbi jekundu, ambako mbuzi walikuwa wanaondolewa kabla ya filimbi. Hakupata hata kadi moja ya njano. Lakini habari ilimtangulia kila alikokwenda, na kila alikokwenda palikuwa na mjinga mmoja mwenye funguo. "Kufuli! Ufunguo ulimuuzia nani?" Mwaka 1988 magoti yalikataa, akarudi nyumbani, akajenga tanuri dogo nyuma ya nyumba. Matofali yake yalinunuliwa na watu wa miji mingine. Nyumba za Barreira hazina tofali lake hata moja.

Funguo hazikukoma. Foleni ya mkate, funguo. Benki, funguo. Siku ya Ijumaa Kuu, kwenye maandamano, amebeba msalaba kwa zamu yake, mtu nyuma akatikisa. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule walijifunza kutikisa kabla ya kujifunza kwa nini.

Ivonilde alipokuwa na miaka kumi na mitatu wasichana darasani walimtikisia. Alikimbia mpaka nyumbani, akamkuta baba yake mbele ya tanuri, jasho limechora mistari kwenye vumbi la uso.

"Kwa nini hukumfyeka? Niambie! Kwa nini hukumfyeka tu?"

Ndipo akamwambia. Alimsimulia yote, tangu chumba cha kubadilishia nguo hadi mguu wa nta, bila kujipendelea. Akauchukua mkono wa binti yake akaupeleka mgongoni kwa binti mwenyewe, chini, mahali sindano ilipopita, aguse kile kidonda kilichopona ambacho hakuweza kukiona.

"Basi waambie!" Ivonilde alilia. "Waambie wanyamaze!"

"Nikiwaambia, kesho watakutikisia wewe."

"Si wanatikisa tayari?"

"Wanakutikisia kwa ajili yangu. Siku wakijua, watakutikisia kwa ajili yako. Watasema daraja lao umelila wewe. Mimi mtu mzima huu mji umenishinda kubeba kwa raha, wewe una miaka kumi na mitatu. Niahidi hutasema."

"Hata ukifa?"

Akaongeza gogo kwenye moto.

"Nikifa utafanya utakavyoona. Lakini ujiulize kwanza kama una mabega."

Aliahidi. Akakua na ahadi hiyo, akawa mshonaji, akaolewa, akaachwa, akamzika mama yake mwaka 2003 mbele ya watu kumi na mmoja tu. Kila funguo zilipolia alimwomba Mungu asimjibu mtu vibaya, na mara nyingi Mungu alimsaidia.

Sasa baba alikuwa kwenye jeneza katika kikanisa cha makaburi, na ahadi ilikuwa imeisha muda wake. Tangu asubuhi Ivonilde alikuwa na swali moja kifuani, linamzunguka kama inzi: aseme, au amwache baba yake aingie ardhini akiwa mtu aliyeuza mji?

Waliokuja kabla ya saa sita walikuwa wachache. Padri Honório, mwenye kikohozi. Majirani wawili, mtu na mdogo wake. Dereva wa gari la matangazo, aliyekuja amevua kofia.

"Nilikwambia usiutaje mpira," Ivonilde alimwambia.

"Nilisema kwa heshima, dada. Baba yangu alisema hakuona beki mwingine kama yule."

"Heshima yako umeisikia ilivyolia pale kwa muuza mikate?"

Dereva akainamisha kichwa, lakini hakuondoka.

Adhuhuri akaingia mzee mwembamba anayechechemea, ameegemea fimbo, akaketi benchi la mwisho na kopo la peremende ya mapera magotini. Ivonilde alimjua. Kila mwaka, wiki ile ya Aprili, Anselmo alipeleka kopo Lajeado Velho. Miaka saba Evilásio alilirusha barabarani. Mwaka wa nane alilifungua, akakata vipande viwili, wakala wamekaa kizingitini. Tangu hapo walikula pamoja kila Aprili, hadi huu mwaka wa mwisho.

Saa nane mchana vumbi lilitimka getini. Mzee Gumercindo alikuwa anakuja kwa miguu yake, miaka themanini na minane, na nyuma yake watu arobaini au hamsini wa Oleiros. Kifuani alikumbatia bendera ya klabu, imekunjwa. Ivonilde alijua ni nini. Kule Barreira, kila aliyeivaa jezi ya Oleiros hufunikwa bendera hiyo, hata kipa wa akiba aliyecheza mechi moja, na wenzake ndio humbeba. Asiyefunikwa amezikwa kama mpita njia. Usiku uliopita alikuwa amejiambia kwamba haitaki. Alipoiona, moyo wake ukaruka. Alijichukia kwa hilo.

Mzee Gumercindo alisimama mbele ya jeneza, akasafisha koo.

"Binti yangu, klabu imekaa kikao. Mambo ya zamani ni ya zamani. Tumeamua kumsamehe marehemu."

"Kumsamehe nini?"

"Wewe unajua, mwanangu. Mji wote unajua. Sisi ni Wakristo. Tunamfunika, tunambeba, yameisha."

Watu nyuma waliitikia kwa vichwa, kwa wema. Ule wema ndio uliomshinda Ivonilde. Funguo angeweza kuzivumilia siku moja zaidi.

"Mzee," alisema, "kabla hujamsamehe, waambie hawa ulimwambia nini baba yangu Aprili 1979 akiwa anafunga daluga."

"Mimi? Sikumbuki."

"'Yule mcheka-cheka sitaki amalize kipindi cha kwanza.' Hukusema?"

"Uongo! Mbele ya maiti unanisingizia?"

"Si uongo." Yule mzee wa benchi la mwisho alikuwa amesimama. "Mimi ndiye mwenye mguu. Alinificha jina la bosi miaka minane, akaja kuniambia tukiwa tunakula. Nami nikakaa kimya kwa sababu aliniomba."

"Wewe ni wa Lajeado," mtu mmoja alisema. "Nani amekuuliza?"

"Sijaulizwa tangu 1979. Nimezoea."

Basi Ivonilde akasema yote. Hakupaza sauti. Alisimulia ile homa, sindano, mama wa duka la nta, mguu wa kulia wa mtu mzima, nadhiri. Alisema, "Aliurudisha mguu kwa sababu alikuwa ameshautundika Aparecida. Hakuwa na mguu mwingine wa kuwapa. Hakununuliwa na mtu yeyote. Msamaha wenu mnaweza kuupeleka mnakotaka, ila mwombeni yeye radhi, bado yuko hapa, hamjachelewa."

Padri Honório alikuwa amefunga macho. Ivonilde alingoja. Alikuwa amelingoja hilo miaka ishirini na tisa: wainamishe vichwa, mtu mmoja aanze kulia.

Akatoka Bi Jacira katikati ya watu wa Oleiros. Alikuwa mfupi sasa kama mtoto wa shule, mgongo umepinda, na kiunoni bado ile kamba. Alimsogelea Ivonilde, akamkagua usoni, akamkagua mabega, akamkagua mpaka viatu.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Nini, Bi Jacira?"

"Daraja letu. Mume wangu alikufa analisubiri. Miaka yote nimemlaani mtu asiye na akili, kumbe ni wewe. Mtoto mmoja. Mji mzima kwa mtoto mmoja!"

Akaifungua ile kamba, akainua funguo juu ya kichwa chake kama mwaka ule wa kwanza, akatikisa.

Nyuma yake mtu akatia mkono mfukoni. Halafu mwingine. Mzee Gumercindo hakutikisa. Aliirudisha bendera kwapani, uso wake umepata nafuu, kama mtu aliyepokonywa mzigo na mpumbavu. Swali la Aprili 1979 lilikuwa limekufa pale pale, hakuna aliyelikumbuka.

"Jamani!" Padri alikohoa. "Mbele ya marehemu! Hamumwogopi Mungu?"

"Waache, Padri," Ivonilde alisema.

Alimtazama baba yake. Nyusi ya kushoto ilikuwa na ule mstari mweupe, imeinuka kidogo, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba hakuwa akimtisha siku ile mbele ya tanuri. Alikuwa anaujua mji wake kama alivyojua mahali mpira utakapofika. Alisimama pale miaka thelathini na minane, na kila kilichokuja kilimkuta yeye kwanza.

Akawageukia.

"Ni mimi," alisema. "Miaka arobaini nimekula wali na maharage, nimeshona sare za watoto wenu, nimekwenda misa. Hilo ndilo daraja lenu. Mimi ndiye niliyelichukua, na sirudishi. Tikiseni."

Wakatikisa. Mtu mmoja hata akapiga kelele zile za zamani, lango limefungwa, hakuna aliyejua kama anadhihaki au amejisahau.

"Bendera nayo?" Mzee Gumercindo aliuliza, kwa adabu ya mwenye duka.

"Jifunike nayo, Mzee. Wewe ndiye uliye karibu na kaburi."

Jeneza lilikuwa na mishikio sita. Ivonilde alishika wa mbele kulia. Majirani wawili walishika ya kati. Padri Honório akafunga kitabu akashika mmoja, jambo ambalo mapadri hawalifanyi. Dereva wa matangazo alivaa kofia, akaivua tena, akashika. Mshikio wa sita, wa nyuma kushoto, ulibaki ukining'inia, na wale watu wa Oleiros wakautazama kama wanatazama nyoka.

Evilásio aliliweka kopo la mapera juu ya jeneza, akaegemeza fimbo ukutani.

"Mzee, utaweza?" Ivonilde aliuliza.

"Sitaweza," alisema. "Twende."

Wakatoka. Kila Evilásio alipokanyaga ule mguu, kona yake ya jeneza ilizama, kopo likateleza kidogo, kisha likarudi. Padri alianza, raha ya milele umpe ee Bwana, na wale wachache wakaitikia, na nyuma yao funguo ziliwafuata njia nzima, kupita makaburi ya wachezaji waliofunikwa bendera, kupita kaburi la Erotildes, hadi kwenye udongo mwekundu uliokuwa umefunuliwa. Ivonilde hakugeuka. Uzito wote wa mbele ulikuwa upande wake, maana jirani aliyekuwa nyuma yake alikuwa mfupi, na mkono ulimuuma kuanzia vidoleni mpaka begani. Dereva akanong'ona, "Tupumzike kidogo, dada?"

"Hapana," alisema. "Naweza."